Mlo Mkuu na Saa Yake: Historia ya Neno "Dinner"



Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Yesu anamwambia mtu aliyemkaribisha kwamba akiandaa chakula asiwaite rafiki na majirani matajiri, awaite maskini na vilema. Kigiriki cha mstari huo kinataja milo miwili, "ariston" na "deipnon". Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, iliyotoka mwaka 1611, iliuita wa kwanza "dinner" na wa pili "supper". Biblia yetu ya Union Version inasema chakula cha mchana na chakula cha jioni, na imepatia. Lakini mwanafunzi wa leo akiziweka Biblia hizo mbili mezani atashangaa, kwa kuwa tangu darasa la tatu amekaririshwa kwamba "dinner" ni chakula cha jioni. Ataona mtu mmoja kati ya hao watafsiri amekosea. Hakuna aliyekosea. Neno lenyewe ndilo lililohama, na leo nataka tuifuate safari yake, maana ndani yake mna somo kwa yeyote anayetunga kamusi, anayetafsiri au anayefundisha lugha.

Waingereza walilipokea neno hili kutoka kwa Wafaransa, waliokuwa wakisema "disner". Mzizi wake uko katika Kilatini cha watu wa kawaida, kwenye kitenzi "disjejunare". Kwa Kilatini, "jejunus" ni mtu ambaye hajatia kitu tumboni. Wataalamu wa mwili wa binadamu hadi sasa huita sehemu moja ya utumbo mwembamba "jejunamu", kwa sababu wakale walipopasua maiti waliikuta tupu. Basi "jejunare" ni kukaa bila kula, na kile kiambishi "dis" kinachotangulia kinakitengua kitendo hicho.

Msemaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa. Sisi tunasema kufunga, kisha tunasema kufungua. Irabu "u" tunayoichomeka katika kauli ya kutendua, ile ile inayogeuza ziba kuwa zibua na kunja kuwa kunjua, inafanya kazi ambayo Kilatini kiliipa "dis". Aliyefunga saumu hufungua saumu. Kinywa kilicholala kimefungwa asubuhi hupata kifungua kinywa. Kiarabu nacho kilitupa futari na kufuturu kutoka mzizi wenye maana ya kupasua, na staftahi kutoka mzizi wa kufungua. Lugha hizi tatu zinakutana katika wazo hili moja. Si ajabu, kwa kuwa watu wote hulala usiku na kuamka na njaa, na katika dini nyingi watu hujinyima chakula kwa ajili ya Mungu.

Kwa asili, kwa hiyo, "dinner" ni chakula cha kwanza cha siku. Hili huwashangaza hata Waingereza wenyewe.

Imekuwaje kikafika usiku? Katika zama za kati huko Ulaya, mtu aliamka alfajiri, akafanya kazi saa kadhaa, kisha akala mlo wake mkubwa kabla ya adhuhuri. Jioni alikula kitu chepesi, mara nyingi mchuzi na mkate, na jina "supper" lina ukoo na supu. Mpango huo ulikuwa na sababu: mwanga wa jua ni bure, mshumaa unagharimu fedha. Jiko lisilo na taa halipiki karamu usiku.

Watawa nao walikuwa na saa yao, na hapa naomba tutulie kidogo. Warumi walihesabu saa za mchana tangu macheo, kama tunavyohesabu sisi Waswahili. Saa tisa waliiita "nona", nayo ni saa tisa yetu hii hii ya alasiri. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa katika karne ya 6, iliwaagiza watawa katika majira fulani ya mwaka wasile hadi saa tisa ipite. Karne kwa karne sala ya saa tisa ikasogezwa mapema, na huenda njaa ya waliokuwa wakisubiri ilichangia. Ikafika wakati sala ya saa tisa inasaliwa saa sita, na neno "noon", ambalo ni "nona" katika vazi la Kiingereza, likabaki na maana ya adhuhuri. Huenda saa yenyewe ilibadilishwa maana kwa ajili ya chakula. Ikiwa ni hivyo, sijui ushahidi mwingine unaoonyesha wazi namna hii nguvu ya mlo juu ya lugha.

Wakati "nona" ikirudi nyuma, "dinner" ilikuwa ikisonga mbele. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya 1755, aliieleza bado kuwa mlo mkuu, unaoliwa katikati ya siku. Lakini matajiri wa London walikuwa wamekwisha kuanza kuisogeza: saa nane, saa tisa, kisha saa kumi na moja. Kuchelewa kula kulikuwa ishara ya cheo, kwani anayekula usiku anaonyesha kwamba ana uwezo wa kununua mishumaa na kwamba hakuna anayemwamsha alfajiri. Katika riwaya ya Jane Austen, "Pride and Prejudice", iliyotoka 1813, Elizabeth anaitwa mezani saa kumi na mbili na nusu jioni katika nyumba ya matajiri. Pengo lililoachwa mchana likazibwa na "lunch", kitu kidogo kilichokua hadi kikawa mlo kamili. Karne ya 19 ikamaliza kazi: taa za gesi, ofisi zilizo mbali na nyumbani, treni za kuwarudisha watu jioni. Wafanyakazi wengi wa kaskazini mwa Uingereza hawakufuata. Hadi leo wapo wanaokula "dinner" mchana na kuuita mlo wa jioni "tea".

Wafaransa walipitia njia hiyo hiyo kwa namna ya pekee. Kitenzi kile kimoja cha Kilatini kiliwazalia maneno mawili, "dîner" na "déjeuner", kulingana na mahali mkazo wa sauti ulipoangukia. Huko Paris yote mawili yakasogea, la kwanza hadi usiku na la pili hadi mchana, asubuhi ikabaki bila jina. Ikabidi waunde "petit déjeuner". Kwa tafsiri ya mzizi, Mfaransa hufungua saumu mara tatu kwa siku. Huko Ubelgiji, Uswisi na Quebec wasemaji wengi wa Kifaransa wamebaki na mpango wa kale, na hula "dîner" adhuhuri. Waingereza nao, "dinner" ilipokwisha kusahau asili yake, walitunga upya wazo lile lile kwa maneno yao wenyewe: "breakfast", kuvunja mfungo.

Kwa hiyo jina "dinner" lilishikamana na uzito wa chakula na kuiachia saa iende zake. Sisi tumefanya kinyume. Chajio ni chakula cha jioni kwa kufupisha, kiwe wali wa nazi kwa samaki au kiwe chai na mkate. Chakula cha mchana ni cha mchana hata kikiwa muhogo mmoja wa kuchoma. Hatuna neno moja lililozoeleka la mlo mkuu, na naona sababu yake: nyumba zetu hazikubaliani mlo huo ni upi. Katika nyumba nyingi za miji ya pwani sufuria kubwa hutoka mchana. Katika nyumba nyingi za wakulima wa bara ugali wa familia nzima huliwa usiku, kila mtu akiwa amerudi. Mwezi wa Ramadhani mlo mkuu huhamia magharibi, na daku huongezwa kabla ya alfajiri. Neno futari kwa wengi limekwisha kuwa jina la chakula chenyewe, yaani viazi vitamu, magimbi, muhogo au ndizi, na mtu anaweza kununua futari sokoni mwezi wowote. Hiyo nayo ni safari, na inatokea tukiitazama.

Kwa hiyo ninyi mnaotunga kamusi, msiandike "dinner" kuwa chakula cha jioni mkaishia hapo. Andikeni mlo mkuu wa siku, kisha mtaje saa na mahali. Nanyi wanafunzi, mkienda likizo, waulizeni bibi na babu zenu milo ya utotoni mwao iliitwaje, ililiwa saa ngapi, na upi ulikuwa mkubwa, mkayaandike majibu yao na kuyaleta hapa idarani.