MCHUMBA WA KWENYE SIMU
(Maneno ya Katibu wa Tawi kwa wanaushirika, Mwese)



Tumeombwa kusema juu ya matapeli wa simu. Yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii" tunamjua sote, hata watoto wanamcheka. Leo tunamsema mwenzake, anayekuja na mapenzi. Huyu hachekeshi.

Msimu uliopita mama mmoja mwenzetu, jina tunaliacha, aliuza mahindi yake yote. Fedha ile ilikuwa ya mbolea na ya mahitaji ya mtoto shuleni. Ikaenda kwa mtu ambaye hajapata kumwona. Alijiita mhandisi, Mtanzania aliyeko Uarabuni, kafiwa na mke. Picha akatuma, nzuri kweli. Kila asubuhi salamu, kila usiku "umeshakula, mpenzi?" Miezi mitatu hakuomba hata senti. Hapo ndipo penye mtego, ndugu zangu. Tapeli wa namna hii ni kama mkulima: anapanda, anapalilia, anangoja. Kisha akasema katuma zawadi, mzigo umekwama bandarini Dar es Salaam, alipiwe ushuru kidogo. Mama akatuma. Ukaja ushuru wa pili, na wa tatu.

Sasa tusikilizane. Ushuru wa serikali hautumwi kwenye simu ya mtu. Unalipwa TRA kwa ile kontroli namba, na risiti inatoka. Picha nayo si mtu. Wanaichukua mtandaoni, mwenyewe hana habari. Halafu atakwambia usimwambie yeyote. Mchumba gani huyo anayeogopa wazee? Posa hupelekwa nyumbani.

Wala tusidhani wote wako Ulaya. Taarifa za TCRA za mwaka 2024 ziliutaja Rukwa kati ya mikoa inayoongoza kwa majaribio ya utapeli wa simu, na Rukwa tulikuwa mkoa mmoja mpaka 2012.

Ukishatuma, pigia kampuni ya laini yako saa ile ile wajaribu kuzuia. Fedha ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi. Ujumbe usiufute, ndio ushahidi wa kupeleka polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo. Namba ya tapeli iripoti kwa ujumbe kwenda 15040. Namba yako ya siri asipewe mtu, hata Katibu.

Lililotuuma zaidi ni hili. Mama yule alikaa wiki tano kimya kwa aibu. Angesema baada ya ushuru wa kwanza, wa pili na wa tatu ingepona. Na habari ilipotoka watu wakatunga vichekesho kilabuni. Na sisi tulicheka, tunakiri. Ndiyo maana mwingine akipatwa atanyamaza.

Kwenye kisomo tulifundishwa kusoma neno kwa neno. Basi Jumamosi jioni, baada ya mkutano wa mbolea, tunakaa darasani. Mwenye ujumbe unaomtia shaka aje na simu yake tuusome pamoja. Asiyetaka hadharani aje nyumbani kwa Katibu, hata usiku.