Mtoto Anayepaliwa Kila Anyonyapo



Katika Injili ya Yohana, sura ya 9, wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana hakumtia hatiani yeyote kati yao. Alimshughulikia yule mtu. Swali lile lingali linaulizwa hapa Eldoret, na vijijini pande za Turbo na Burnt Forest, kila azaliwapo mtoto mwenye kasoro. Leo nasema juu ya kasoro moja isiyoonekana kwa macho.

Kooni zipo njia mbili zinazopakana. Ya mbele hupitisha pumzi katika kikoromeo kwenda mapafuni; ya nyuma hupeleka chakula tumboni. Katika majuma ya kwanza ya mimba hujengeka ukuta wa kuzitenga. Mara chache sana, labda kwa mtoto mmoja kati ya 10,000 au 20,000, ukuta haufungi vema, ukabaki ufa nyuma ya kikoromeo. Mama alikula nini, aligombana na nani? Hayahusiki hata kidogo. Pengine hata hakuwa na hakika bado kwamba ni mjamzito.

Basi maziwa hupenya penye ufa yakaingia mapafuni. Mtoto hukohoa na kupaliwa kila anyonyapo, pengine ulimi ukawa wa samawati. Kilio chake huwa hafifu au cha kukwaruza. Hupata nimonia, hutibiwa, hupona, nayo hurudi. Jirani husema ni baridi, mwingine husema ni pumu, na jamaa za mume huanza kunong'ona. (Minong'ono hiyo, ndugu zangu, imo hata kanisani.)

Picha ya kifua huonyesha mapafu yalivyoumia, lakini ufa wenyewe haiuonyeshi. Mtoto hupewa dawa ya usingizi, kisha daktari wa masikio, pua na koo huingiza chombo chenye taa. Kutazama peke yake hakutoshi, kwa maana kingo za ufa hulaliana, ukadhani pote ni pazima. Lazima apapase kwa kijiti chembamba cha chuma na kuziachanisha.

Ufa mfupi pengine huhitaji maziwa mazito tu, na kumlisha mtoto akiwa ameinuliwa. Lakini hayo yafanywe kwa maelekezo ya hospitali. Mama asitie unga kwa kubahatisha. Ulio mrefu zaidi hushonwa, mara nyingi kupitia kinywani bila kupasua shingo. Ule unaoshuka hadi kifuani ni operesheni kubwa na ya hatari. Mwaka 1955 daktari Pettersson wa Sweden alitoa habari za mtoto mchanga aliyefanyiwa operesheni ya ufa wa kikoromeo ikafaulu.

Mjini kwetu ipo Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, pamoja na Hospitali ya Watoto ya Shoe4Africa iliyofunguliwa mwaka 2015. Mzazi ambaye nimonia ya mtoto wake imerudi tena na tena, aombe barua ya rufaa. Achukue kadi ya kliniki. Na akiulizwa juu ya kikohozi, asiseme tu kwamba mtoto anakohoa. Aseme kwamba anakohoa wakati wa kunyonya, kisha amwombe muuguzi akae hapo amtazame akinyonya.