Sabuni Ipimwe kwa Mwisho Wake

Msikilizaji, katika miaka ya 1950 mito ya Ujerumani Magharibi ilijaa povu la sabuni za unga lililogoma kuisha. Sabuni hizo zilitokana na mafuta ya petroli, na molekuli zake zilikuwa na matawi ambayo bakteria walishindwa kuyavunja. Mwaka 1961 nchi hiyo ilitunga sheria ya kudai sabuni zinazooza. Ikaanza kutumika mwaka 1964, viwanda vikageukia molekuli zilizonyooka, na povu likapungua mitoni. Kilichowasukuma wenye viwanda ni kipimo cha sheria, wala si huruma.

Molekuli hizo zilizonyooka ndizo zilizomo katika salfoniki, ile asidi nzito ya kahawia wanayonunua wajasiriamali wa sabuni za maji, Dar es Salaam hata Nairobi. Penye hewa huoza vizuri. Kwenye tope la shimo la choo, ambako hewa haifiki, hukaa muda mrefu, na mitaa yetu mingi inategemea mashimo hayo. Kwa hiyo tunahitaji hatua ya pili, na sayansi yake ipo. Wako bakteria ambao wakilishwa sukari hutoa ramnolipidi, ambayo hushika mafuta upande mmoja na maji upande wa pili kama sabuni yoyote, kisha huoza hata pasipo hewa. Mwaka 2024 kampuni ya Evonik ilifungua kiwanda cha ramnolipidi nchini Slovakia.

Wapo watakaosema ramnolipidi ni ghali kwa mwananchi wa kawaida. Kwa leo ni kweli. Lakini urahisi wa salfoniki hauhesabu hasara ya maji yaliyochafuka, ambayo humwangukia mvuvi na mchota maji. Serikali zikianza na sabuni zinazonunuliwa kwa hospitali na shule, soko litakua na bei itashuka. Wengine watasema sabuni za mawese zinatosha. Mawese ni mali yetu Kigoma, ila kwingineko, Indonesia na Malaysia, misitu imefyekwa kupisha michikichi. Tena SLES, kiungo cha povu katika sabuni nyingi za maji, hata ikianzia kwenye mawese, kwa kawaida huunganishwa na kemikali ya petroli. Picha ya jani kwenye chupa si ushahidi. Ushahidi ni kipimo cha maabara, na ndicho ninachoyaomba mashirika ya viwango, TBS la Tanzania na KEBS la Kenya, yakisimamie kwa ukali: kila sabuni ionyeshe inavyooza, penye hewa na pasipo hewa, kabla haijafika dukani.