Mzigo mkubwa, mlango mdogo

Juma lililopita nilipita kwa mpwa wangu, ambaye anasomea shahada ya pili. Ilikuwa saa 1 asubuhi. Nilimkuta mbele ya kompyuta, macho mekundu, chai imepoa mezani.

"Shikamoo, mjomba," alisema bila kuinuka.

"Marahaba. Kulikoni?"

"Huu ni usiku wa tatu. Ilifika asilimia 80, umeme ukakatika. Sasa imeanza tena sifuri."

Mpwa wangu anachunguza mbu. Vinasaba vya mbu wake vimesomwa na mashine, na mashine imetoa faili zenye jumla ya gigabaiti 60. Kompyuta yake ndogo haiwezi kuzichambua. Kwa hiyo anataka kuzipakia kwenye Galaxy, mtambo wa pamoja wa watafiti ulioanzishwa Marekani mwaka 2005, na ambao leo una seva za wazi huko Marekani, Ulaya na Australia. Mtu hujiandikisha, hupewa nafasi ya kuhifadhi kazi yake, na huchambua bila kulipa. Mtafiti wa Freiburg na mtafiti wa Morogoro hutumia programu zile zile, na bei ni ile ile: bure.

Basi shida iko wapi? Shida iko mlangoni.

Hebu tupige hesabu. Gigabaiti 60 zikipita kwenye njia inayopandisha megabiti 4 kwa sekunde, zitachukua zaidi ya saa 33, na hapo ni kama njia haikutetereka hata mara moja. Mwenye njia ya megabiti 400 atamaliza kwa dakika 20. Mtambo ni mmoja, lakini mmoja amefika kabla chai haijapoa, na mwenzake anakesha siku tatu. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2009 nyaya kubwa za baharini zimefika Mombasa na Dar es Salaam. Lakini kutoka ufukweni mpaka chumbani kwa mwanafunzi, njia bado ni ya mguu.

Kilichonishtua hasa ni maneno aliyoyasema baadaye. "Mjomba, kuna mgeni amejitolea. Ataichukua diski yangu aende nayo kwao, akaifanyie kazi huko."

Nikamuuliza, "Mmeandikiana?" Akasema hapana. "Na jina lako litakaa wapi matokeo yakitoka?" Akanyamaza.

Ndugu msikilizaji, sisemi kwamba kubeba diski ni aibu. Nilipoanza kazi ya utangazaji, kaseti za mahojiano kutoka mikoani tulizipeleka stesheni kwa basi, tukimkabidhi kondakta. Na wakubwa nao hubeba. Mwezi Aprili 2017, wanasayansi wa Event Horizon Telescope waliielekeza mitambo yao kwenye shimo jeusi lililo mbali angani. Walikusanya data nyingi kiasi kwamba intaneti haikufaa kuzisafirisha. Diski zilipakiwa kwenye ndege na kupelekwa Massachusetts na Bonn. Zile za Ncha ya Kusini zilisubiri majira ya baridi yaishe, zikafika Desemba. Picha yenyewe ilitolewa tarehe 10 Aprili 2019. Lakini angalieni tofauti: waliokusanya data walikuwa ndani ya kazi hiyo mwanzo mpaka mwisho. Diski ilisafiri, lakini wao hawakuachwa nyuma.

Mpwa wangu angeachwa. Miezi yake ya kushika mbu usiku ingekuwa sentensi moja ya shukrani mwishoni mwa makala ya mtu mwingine.

Tulimtafuta kijana mmoja anayeifahamu kazi hii. Alimwambia mambo manne, nami nayasema hapa kwa faida ya wengine.

La kwanza, faili zibanwe kabla ya kusafiri. Faili za aina hii huweza kupungua mpaka karibu robo. La pili, mzigo mzito usipitishwe kwa njia ya kawaida ya ukurasa, bali kwa njia inayokumbuka ilipoishia, ili umeme ukikatika kwenye asilimia 80, kazi ianzie 80. La tatu, data ambazo tayari ziko kwenye hazina za wazi za Ulaya au Marekani zisishushwe nyumbani kisha zipandishwe tena. Uupe mtambo anwani, uzifuate wenyewe. La nne, faili ikifika, ilinganishwe namba yake ya uhakiki na ile ya nyumbani, kwani faili iliyoingia nusu huweza kutoa majibu yanayofanana na ya kweli.

Alifanya hivyo, faili moja baada ya nyingine. Jumapili usiku ya mwisho iliingia. Mgeni aliambiwa ahsante.

Lakini je, ni wanafunzi wangapi wana mjomba wa kuwapigia simu huku na huko? Nawaambia wakuu wa vyuo vyetu: mnapojivunia kwamba watafiti wenu wanaweza kutumia mitambo ya dunia bila malipo, angalieni na mlango. Chumba kimoja chenye waya mzuri, betri ya kushikilia umeme, na mtaalamu mmoja wa kuwaelekeza vijana, kingeokoa kazi nyingi. Gharama yake si sawa na ya kununua kompyuta kubwa. Ni gharama ya kuufikisha mzigo kwenye kompyuta ambayo tayari ipo.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika jambo hili, mwenyeji asipoangalia, mgeni ataondoka na dawa na mgonjwa.