Usukani Unaoteleza: Mazungumzo na Waendesha Bodaboda wa Busia

Leo hatukuja kukagua leseni wala kuandika faini. Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya usukani wa pikipiki unaojizungusha ndani ya vibano vyake.

Jina la bodaboda lilizaliwa hapa hapa mpakani, enzi za baiskeli, vijana walipowaita wasafiri wawavushe kutoka upande mmoja hadi wa pili. Baiskeli ile ilibeba mtu mmoja na furushi lake. Pikipiki ya leo hubeba abiria wawili, gunia la mahindi, na mkungu wa matoke ulioning'inizwa kwenye usukani wenyewe. Breki inaposhikwa, uzito huo husukuma mbele na kuangukia viganja vya dereva. Usukani uliolegea huinama papo hapo: kishikio cha breki hushuka vidole visikifikie vizuri, kifundo cha mkono hupinda, na mkono uliotaka kupunguza mwendo huenda ukaongeza mafuta. Mbele pana foleni ya malori.

Wengi wenu mnaujua ugonjwa huu, ila mnauficha mkituona. Kijana hufika steji, huuvuta usukani kwa nguvu mpaka urudi mahali pake, kisha huita abiria mwingine.

Kabla ya kushika spana, jueni kwanza kinachosogea ni nini. Mwenzako na abane gurudumu la mbele kwa magoti, nawe uusukume usukani chini na kuuvuta juu. Ikiwa bomba linazunguka na vibano vimetulia, kasoro iko vibanoni. Ikiwa vibano navyo vinayumba pamoja na bomba, tazameni chini yake, kwenye nati na mipira inayovishikilia. Usukani ulioelekea upande ilhali gurudumu limenyooka ni jambo jingine, mara nyingi la pikipiki iliyowahi kuanguka, na hilo ni la fundi.

Tukae kidogo kwenye vibano, maana hapo ndipo makosa huzidi. Kibano hushika bomba kwa kulikaba. Kwa hiyo kati ya kofia ya juu na kitako cha chini hubaki upenyo mdogo. Katika pikipiki nyingine upenyo huo ni sawa mbele na nyuma. Katika nyingine upande wa mbele hufungwa kabisa na upenyo ukabaki nyuma, kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza. Lakini kofia ikigusa kitako pande zote mbili na usukani bado unazunguka, kukaza zaidi ni kazi bure: vyuma vinabanana vyenyewe kwa vyenyewe, bomba liko huru. Ama kibano kimelika, ama mmeuziwa bomba jembamba. Pikipiki ndogo nyingi hutumia bomba la milimita 22 hapo linapobanwa. Lipimeni kabla ya kulipa.

Ikiwa upenyo upo, fungueni kofia. Futeni grisi na mafuta kwa kitambaa chenye petroli, injini ikiwa imepoa na pasiwe na sigara karibu. Ondoeni rangi iliyopakwa hapo, na msugue kwa brashi ya waya ile sehemu ya bomba yenye mikwaruzo, kwa kuwa mikwaruzo hiyo ndiyo meno yake. Bolti iliyovutika itupwe. Kazeni kidogo kidogo kwa zamu, bolti hii kisha ile, kwa spana fupi. Anayeongeza bomba kwenye spana ili apate nguvu huishia kung'oa nyuzi ndani ya kitako, na hapo gharama huwa ya kitako kizima.

Kipande cha tyubu ndani ya kibano hakifai hata siku moja, kwa sababu mpira hujikunja na kuteleza. Kipande cha kopo la soda kinaweza kukufikisha kwa fundi, wewe peke yako, polepole. Si cha kubebea watoto wa shule muhula mzima. Kuchomelea bomba kwenye kibano ndiko tunakokuogopa kuliko yote. Usukani unaoteleza hukuonya siku nyingi, ila chuma kilichodhoofishwa na moto wa kuchomelea huweza kukatika ghafla.

Kazi ikiisha, washeni injini pikipiki ikiwa imesimama, mkate usukani mpaka mwisho kulia na kushoto. Mngurumo ukipanda wenyewe, waya wa mafuta unavutwa; upangeni upya.

Mwishowe, pakeni mstari mwembamba wa rangi unaoanzia kwenye kibano na kuendelea juu ya bomba. Kila asubuhi utazameni. Mstari ukikatika, usukani umesogea, na abiria hapandi.

Rangi nyeupe iko mezani, chini ya mwembe. Wenye abiria wanaowasubiri waanze. Mwenye usukani unaoteleza aisukume pikipiki yake hadi kwa mafundi waliokaa kando, asiiendeshe; hatutaandika namba ya pikipiki ya mtu yeyote.