Pikapu ya Dizeli Isiyowaka: Tuulize Kwanza, Tununue Baadaye

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu. Mimi ni mtumishi wa serikali wilayani, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kutia saini. Karatasi zinazonijia mara kwa mara ni za matengenezo ya magari. Kwa hiyo leo nitazungumza juu ya pikapu ya dizeli isiyowaka. Msicheke. Pikapu hiyo ndiyo ipelekayo chanjo zahanati, na chanjo nyingi hutakiwa kutunzwa katika nyuzi 2 hadi 8 za Sentigredi. Barafu ya sanduku haimngojei fundi.

Fizikia tuliyofundishwa hapa yatosha kuanzia. Injini ya Rudolf Diesel, iliyojaribiwa kwa mafanikio mwaka 1897 mjini Augsburg, Ujerumani, haitumii cheche. Pistoni huibana hewa mpaka joto lake likapita nyuzi 500, ndipo dizeli inaponyunyizwa na kuwaka yenyewe. Basi injini hiyo yataka mambo manne: izunguke kwa kasi, ipate hewa, ibane hewa hiyo sawasawa, na dizeli ifike.

Swali la kwanza: je, inazunguka kwa kasi? Betri ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6 gari likiwa limetulia. Stata ikipigwa na kipimo kikaanguka chini ya 9 na nusu hivi, ichaji betri au ijaribu nyingine. Betri ikiwa nzima na stata bado inajikokota, tazama vichwa vya betri na waya mnene unaofungwa kwenye injini. Kutu kidogo huzuia umeme mwingi. Wala usipige stata kwa zaidi ya sekunde 10 au 15 mfululizo, ipumzishe.

Swali la pili: je, kuna moshi? Mmoja apige stata, mwingine asimame nyuma atazame bomba. Hapa ndipo njia inapogawanyika.

Kama hakuna moshi hata kidogo, yaelekea dizeli haifiki. Anza na tangi. Usiamini geji peke yake. Kisha fungua swichi na utege sikio kwenye pampu: katika pikapu nyingi za zamani utasikia "ta!", sauti ya swichi ya umeme inayofungulia dizeli. Kisha mwaga maji yaliyotuama chini ya filta, na toa hewa kwa pampu ya mkono.

Kama moshi ni mweupe na unanuka dizeli, basi dizeli inafika ila haiungui. Hapo pima plagi za kupashia joto, hasa kama gari linagoma alfajiri katika nchi za baridi kama Njombe na Makete, na mchana linawaka. Plagi zikiwa nzima, sasa mwite fundi apime mbano wa silinda na majira ya pampu.

Katika wilaya moja niliyowahi kufanya kazi, gereji ilileta makadirio: pampu ifumuliwe, na nozeli zote nne zibadilishwe. Kabla ya saini nilimwita dereva.

"Mzee, moshi ulionekana?"

"Hata chembe, bwana."

Tulikwenda pamoja. Swichi ilifunguliwa, pampu ikawa kimya. Waya wake mmoja ulikuwa umechomoka. Uliporudishwa, gari liliwaka, na fedha zile zikanunua matairi.

Natoa tahadhari mbili. Magari ya siku hizi yenye reli moja ya dizeli hufanya kazi kwa mgandamizo wa zaidi ya mara 1,000 ya ule wa hewa tunayovuta. Nati za mabomba yake zisilegezwe kamwe ili kutafuta hewa, maana dizeli hiyo hupenya ngozi. Magari hayo hupimwa kwa kompyuta. Pili, usinyunyize petroli kwenye njia ya hewa. Yaweza kulipuka na kuvunja injini.

Vijana wetu, wengi wenu hamtashika spana. Lakini mtakuwa waganga, wahasibu na maofisa, na karatasi hizo zitawafikia. Gari likilala miezi miwili chini ya mwembe, hunyofolewa betri, kisha taa, kisha matairi, na mwisho huitwa bovu. Mara nyingine ubovu wenyewe ulikuwa waya mmoja. Msiwadharau madereva, kwa kuwa wao ndio waliokuwapo gari lilipogoma. Waulizeni kuhusu stata, waulizeni kuhusu moshi, ndipo mshike kalamu.