Jumba Lililojengwa kwa Mbolea ya Ndege



Kila anayefuga kuku anajua kwamba mavi ya kuku ni mbolea. Ukiyatia shambani kwa kipimo, mahindi hustawi. Leo tutazungumza juu ya tajiri mmoja wa Uingereza aliyejenga jumba kubwa kwa fedha za mavi ya ndege. Msicheke, ndugu zetu. Ni habari ya kweli.

Jumba hilo linaitwa Tyntesfield. Liko karibu na mji wa Bristol, magharibi ya Uingereza. Mwenye jumba alikuwa mfanyabiashara, jina lake William Gibbs. Alinunua mahali hapo mwaka 1843. Kati ya mwaka 1863 na 1865 akaitengeneza upya nyumba aliyoikuta, ikawa jumba la fahari. Wakati huo aliyetawala ni Malkia Victoria, aliyekuwa malkia tangu 1837 hadi 1901. Ndiyo maana majumba ya namna hiyo huitwa majumba ya Kivictoria.

Ukilitazama kwa mbali utadhani ni kanisa kubwa. Lina vilele vilivyochongoka, mbao zilizochongwa kwa ustadi, na maktaba iliyojaa vitabu. Gibbs alikuwa mtu wa dini. Katika miaka ya 1870 alijenga na kanisa lenyewe, limeungana na nyumba. Alitoa pia fedha nyingi kujenga makanisa mahali pengine.

Je, fedha hizo zilitoka wapi?

Zilitoka nchi ya Peru, Amerika ya Kusini. Karibu na pwani yake kuna visiwa vidogo viitwavyo Chincha. Ndege wa baharini wanaokula samaki walikaa huko miaka elfu na elfu. Mvua hainyeshi huko ila kwa nadra sana, kwa hiyo mavi yao hayakuoshwa. Yalilundikana, mahali pengine kupita mita 30 kwenda juu. Mbolea hiyo huitwa guano. Ina nguvu sana, na wakulima wa Ulaya waliililia. Tangu mwaka 1842 kampuni ya Gibbs ilianza kuiuza, kwa mapatano na serikali ya Peru. Kwa biashara hiyo Gibbs akawa tajiri mkubwa.

Haya, nani alichimba? Si Gibbs. Wala kampuni yake haikushika sepetu. Kazi ya kuchimba ilipewa makandarasi wa huko Peru. Walitumia wafungwa, watumwa, na kuanzia mwaka 1849 Wachina walioletwa kwa meli. Wachina hao walitiwa katika mikataba ya miaka mingi, na wengi walidanganywa. Walichimba juani kutwa. Vumbi la mbolea liliwaingia machoni na mapafuni. Aliyechelewa kumaliza kipimo chake alichapwa mijeledi. Wengi walifia huko. Wengine walijitupa baharini kutoka majabalini, kwa sababu waliona kifo ni nafuu.

Basi, jasho lilikuwa Chincha, na fahari ikawa Bristol.

Ukoo wa Gibbs ulikaa katika jumba hilo vizazi vinne. Hawakupenda kutupa vitu. Samani, vyombo, mazulia, vitu vya kuchezea watoto, vyote walivihifadhi. Mwaka 2001 mwenye nyumba wa mwisho alifariki. Hakuwa na mke wala mtoto. Warithi walikuwa wengi, na ikaonekana kila kitu kitauzwa, kila kimoja kwa mtu wake.

Hapo wananchi wakaamka. Shirika la National Trust, ambalo kazi yake ni kutunza majumba na ardhi kwa faida ya watu wote, liliomba michango. Kwa siku 100 tu zilipatikana zaidi ya pauni milioni 8. Wengine walitoa kidogo, wengine mamilioni. Mfuko mmoja wa taifa wa urithi ukaongeza pauni milioni 17.4. Mwaka 2002 jumba likanunuliwa pamoja na vitu vyake, likafunguliwa kwa watu. Pale ambapo zamani mtu wa kawaida aliingia kwa mlango wa watumishi, leo anaingia kama mgeni.

Lakini kuhifadhi si kufuta vumbi mezani tu. Mwaka 2020 shirika hilo lilitoa taarifa ya majumba yake yenye uhusiano na utumwa na ukoloni. Tyntesfield imo. Baadhi ya watu walikasirika. Walisema, wacheni tuangalie nyumba nzuri kwa raha. Sisi tunasema hivi: anayeonyesha kiti cha tajiri na kuficha sepetu ya mchimbaji amehifadhi nusu ya nyumba.

Ndugu zetu, nasi tunavyo vitu vya kale: majengo, majembe ya wahunzi, ngoma, makaburi. Mkivitunza, andikeni pia habari zake. Nani alijenga? Nani alibeba mawe? Nani alilipwa, na nani hakulipwa? Waulizeni wazee wangali hai. Sasa mnajua kuandika, na kalamu mnayo. Wale wa Chincha hawakupata nafasi ya kuandika yao.